UZI: Kumlea mtoto kwa lugha ya nyumbani wakati nje kote wanaongea nyingine. Tuongee kwa saa na vipimo

#1 Kalamu Nyeusi

Wakuu, salaam. Swali linarudi kila mara: "Tunaongea naye lugha yetu tangu azaliwe, mbona anatujibu kwa ya shule?" Jibu analopewa mzazi ni "komaeni, atashika tu". Kukomaa bila hesabu hakusaidii.

Ili tuelewane: *lugha ya nyumbani* ni ile ya wazazi, au ya mzazi mmoja tu. *Lugha ya nje* ni ya shule, mtaa, runinga na wenzake wa kucheza nao.

Tuanze na saa. Mtoto wa miaka 3 yuko macho saa 12 hivi kwa siku, yaani 84 kwa wiki. Akienda chekechea saa 8 kwa siku 5, saa 40 zimeshachukuliwa na lugha ya nje. Mzazi anayerudi kazini jioni ana saa 2 kabla mtoto hajalala, jumla 10 kwa siku za kazi. Weka saa 6 za Jumamosi na 6 za Jumapili, unapata 22. Hiyo ni asilimia 26 ya muda wake wa kuwa macho. Wikendi ikiliwa na shughuli zinazoendeshwa kwa lugha ya nje, zinabaki 10, asilimia 12.

Kwa nini naing'ang'ania hesabu hii? Barbara Pearson na wenzake walifuatilia watoto 25 wa Kihispania na Kiingereza kule Miami, wakachapisha matokeo mwaka 1997. Mtoto aliyesikia lugha moja chini ya asilimia 20 ya muda wake alikuwa mgumu kuitumia kwa hiari. Watoto 25 ni wachache, kwa hiyo msiifanye sheria. Ila inakupa pa kulenga: robo ya muda kwenda juu. Ukiwa kwenye asilimia 12 na mtoto hakujibu, shida si mtoto na wala si ubishi.

Na saa zinazohesabiwa ni za kuongea NA mtoto. Kukaa sebule moja kila mtu na simu yake ni sifuri.

Kitu cha pili ni nani anaongea nini ndani ya nyumba. Annick De Houwer alikusanya taarifa za familia zipatazo 1,900 kule Flanders, Ubelgiji, ambako lugha ya nje ni Kiholanzi, akazitoa mwaka 2007. Kila nyumba ilikuwa na angalau mzazi mmoja mwenye lugha nyingine. Alichouliza ni kimoja: je, watoto wanaiongea lugha hiyo? Matokeo kwa makadirio:

- Wazazi wote wawili lugha ya nyumbani tu: asilimia 97 ya familia, watoto wanaiongea.
- Wote wawili wanaiongea, mmoja wao anachanganya na Kiholanzi: 93.
- Wote wawili wanachanganya: 79.
- Mzazi mmoja lugha ya nyumbani tu, mwenzake Kiholanzi tu: 74.
- Mzazi mmoja anachanganya, mwenzake Kiholanzi tu: 36.

Someni mstari wa mwisho mara mbili. Ndiko nyumba nyingi zilipo bila kujijua: baba haijui lugha, mama anaijua lakini anaruka huku na huku kulingana na uchovu wa siku. Na ukilinganisha wa kwanza na wa nne, utaona kwamba mzazi ambaye lugha hii si yake, akiweza kuiongea hata kwa kukwaruza, faida yake ni kubwa kuliko mbinu yoyote ya kununua.

Kazi ya wiki ya kwanza: karatasi ubaoni, siku 7, andika nani aliongea na mtoto, lugha gani, kwa saa ngapi. Usibadilishe chochote wiki hiyo, pima tu. Karibuni mwongeze nyama.

#2 Mzee wa Hoja

Mkuu umeanza vizuri. Lakini si tunaambiwa "mzazi mmoja lugha moja" ndiyo njia sahihi, la sivyo mtoto atachanganyikiwa?

#3 Kalamu Nyeusi

Mkuu, hiyo njia ni kongwe. Mwanaisimu Mfaransa Jules Ronjat aliandika mwaka 1913 jinsi mwanawe alivyokuzwa kwa Kifaransa cha baba na Kijerumani cha mama, na tangu hapo imesambaa kana kwamba ndiyo pekee. Inafanya kazi. Udhaifu wake uko mahali pawili.

Kwanza, inagawa wazazi, haigawi saa. Mwenye lugha ya nyumbani akiwa ndiye anayesafiri au anayerudi usiku, mgao wa kweli unaweza kuwa 90 kwa 10 huku mnajisifu mna njia.

Pili, haisemi wazazi wenyewe wazungumze nini wakiwa wawili. Wakitumia lugha ya nje mezani, mtoto anasoma ujumbe haraka sana: mama anaielewa, kwa hiyo hakuna anayehitaji hii nyingine.

Kama wote wawili mnaijua lugha ya nyumbani, achaneni na mzazi mmoja lugha moja. Mkiingia ndani, wote lugha ya nyumbani. Lugha ya nje inaingia kama vumbi hata mkifunga madirisha.

Kama mmoja haijui, usimtafsirie kila sentensi. Tafsiri ya papo kwa papo inamfundisha mtoto kusubiri toleo rahisi. Malizeni mazungumzo, halafu mpe mwenzako muhtasari wa sentensi moja. Na yeye ajifunze maneno ya mambo yanayojirudia: kuvaa, kuoga, kula, kulala, kutoka. Sentensi za shughuli hizo ni zile zile kila siku, na baada ya miezi michache hatajiona mgeni kwenye meza yake.

Habari ya "kuchanganyikiwa" namwachia anayeifanyia kazi.

#4 Bi Somo

Naomba nichangie kwenye sekunde chache zinazofuata baada ya mtoto kujibu kwa lugha ya nje. Kwa maoni yangu hapo ndipo lugha inapona au inapofia, na wazazi wengi hupapita bila kupaona.

Elizabeth Lanza, aliyechunguza watoto wa miaka 2 wa Kiingereza na Kinorwe nchini Norway, alipanga majibu ya wazazi kwa ngazi tano. Nazieleza kwa maneno yangu:

1. Mzazi haelewi (au anajifanya): "Eti nini?"
2. Anabahatisha kwa swali, kwa lugha ya nyumbani: "Unataka maji?"
3. Anarudia alichosema mtoto kwa lugha ya nyumbani, bila swali.
4. Anaendelea na mazungumzo kana kwamba hakuna kilichotokea.
5. Yeye mwenyewe anahamia lugha ya nje.

Ukishuka kutoka 1 kwenda 5, unampa mtoto ruhusa zaidi ya kuchagua lugha ya nje. Ngazi ya 4 ndiyo ya hatari maana haionekani. Mzazi anasema "mimi kamwe sihami lugha", na ni kweli hahami, lakini mtoto naye hahami, na mwaka unaisha kila mmoja yuko kwake.

Ngazi ya 2 ina kasoro: mtoto anajibu "ndiyo" na neno lenyewe halikumtoka. Ibadilishe iwe swali la kuchagua. Tazameni:

Mtoto (kwa lugha ya nje): Nataka maji.
Mzazi: Unataka nini?
Mtoto (kwa lugha ya nje, sauti imepanda): Maji!
Mzazi: Unataka maji au maziwa?
Mtoto: Maji.
Mzazi: Haya, maji yako haya hapa. Ya baridi au ya uvuguvugu?

Neno amepewa mdomoni, amelichagua mwenyewe, na maji amepata papo hapo. Hakuna somo lililotolewa. Halafu swali la pili limemlazimisha aongeze neno jingine.

Makosa ya sarufi yatibiwe vivyo hivyo. Kama lugha ya nyumbani ni Kiswahili na mtoto akasema "kiti yangu iko wapi", usimwambie "siyo yangu, sema changu". Jibu: "Kiti chako? Kiti chako kiko mlangoni. Kilete hapa." Amesikia upatanisho sahihi mara nne na mazungumzo hayajakatika.

Mipaka: usitumie ngazi ya 1 mtoto akiwa amelia, ameumia, anaumwa, au ndiyo kwanza anakusimulia jambo lililomkera shuleni. Hapo sikiliza kwa lugha yoyote atakayoleta, wewe ujibu kwa ya nyumbani. Pia ukijifanya huelewi kwa mtoto wa miaka 7 ambaye jana alikuona ukiongea na mwalimu wake, atakuona mwongo. Kwake tumia ombi la wazi: "Niambie kwa lugha yetu, nitakusaidia maneno."

#5 Mzee wa Hoja

Hapa nakubali nusu. Mtoto akilazimishwa kila sentensi atanyamaza kabisa. Hilo nalo mlitaje.

#6 Bi Somo

Ni kweli, ndugu. Kama majibu yake yanakuwa mafupi wiki hadi wiki, au anaanza kumwendea mzazi mwingine kwa kila jambo, umebana mno. Chagua vipindi viwili kwa siku vya kushikilia, kwa mfano chakula cha jioni na wakati wa kulala. Saa nyingine tumia ngazi ya 3 tu. Na kagua msamiati kwanza: mara nyingi hakatai, hana neno.

#7 Ulimi Wazi

Nimeitwa kwa lile la "kuchanganyikiwa".

Mtoto anayetia neno la lugha moja ndani ya sentensi ya nyingine anaziba pengo kwa neno alilo nalo. Watu wazima wenye lugha mbili hufanya hivyo kutwa. Mtoto wa miaka 2 tayari huegemea zaidi lugha ya anayeongea naye, jambo ambalo lisingewezekana kama kichwani zingekuwa uji mmoja.

Kuhusu kuchelewa kuongea: lugha mbili hazisababishi ulemavu wa lugha. Kinachotokea ni hesabu mbovu. Mtoto wa miezi 24 ana maneno 30 ya nyumbani na 28 ya nje, mtu anampima kwa lugha moja, anasema "ana 28, amechelewa". Hesabuni zote mbili. Kipimo kinachotumika sana ni angalau maneno 50 kwa jumla, na kuunganisha mawili ("mama njoo", "maji hapana"), katika umri wa miaka 2. Neno linahesabiwa hata kama halitamki sawasawa, mradi analitumia kwa maana ile ile kila mara.

Msisubiri, mwoneni mtaalamu wa usemi, ikiwa:
- miezi 12 imefika na habwabwaji silabi kama "bababa", wala hanyooshi kidole au kupunga mkono;
- miezi 24 hajafika hesabu ya hapo juu kwa lugha ZOTE pamoja;
- amepoteza maneno aliyokuwa nayo, umri wowote;
- watu wa nyumbani hawamwelewi hata kwa lugha anayoimudu zaidi akiwa amepita miaka 3.

Kitu cha kwanza kuomba ni kipimo cha usikivu. Maji yanayokaa nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua ya mara kwa mara humfanya asikie kwa vipindi, na watu wazima hudhani ni mkaidi.

Tatizo halisi la lugha linaonekana katika lugha zote mbili. Likionekana katika moja tu, aghlabu ni saa chache za kuisikia, turudi kwenye hesabu ya #1.

Mkiambiwa "acheni lugha ya nyumbani ili apone", ulizeni kitakachoingia mahali pake. Mzazi anayelazimishwa kuongea lugha asiyoimudu huongea kidogo, kwa sentensi fupi, hatanii wala hasimulii. Mtoto mwenye shida anapoteza chanzo chake bora cha maongezi. Hata watoto wenye Down (hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa akili) au usonji wanaweza kumudu lugha mbili kwa kiwango chao. Kuwanyima moja hakuwapi nyongeza kwenye ile nyingine.

Jambo moja linalofanana na tatizo na si tatizo: mtoto aliyezoea lugha ya nyumbani tu akiingizwa shule ya lugha ya nje anaweza kukaa kimya huko kwa wiki au miezi. Kama nyumbani anaongea kama kawaida, anacheza na anafuata maelekezo kwa ishara, yuko kazini. Mwalimu aambiwe mapema.

#8 Daftari

Naomba nigusie msamiati. Lugha nyingi za nyumbani zinakufa zikiwa na maneno ya jikoni tu. Mtoto anajua kula, oga, lala, acha, njoo. Akifika miaka 8 anataka kueleza jinsi volkano inavyolipuka, na kwa lugha ya nyumbani hana hata neno moja. Anahama kwa sababu lugha imemwishia.

Jim Cummins alitenganisha tangu mwaka 1979 lugha ya maongezi ya kawaida na lugha ya kimasomo. Ya kwanza mtoto mgeni huishika kwa takriban miaka 2 shuleni. Ya pili humchukua miaka 5 hadi 7. Wazazi hulisoma hili upande wa lugha ya shule. Ligeuzeni: lugha yenu nayo ina ngazi hiyo ya pili, na hakuna mwalimu wa kuwafanyia.

Njia rahisi: angalieni mada ya shule ya wiki inayokuja. Kama ni mimea, chagueni maneno 8 hadi 10: mzizi, shina, jani, mbegu, chavua, kuota, mwanga, kunyauka. Yatumieni nyumbani KABLA shule haijafika hapo, mkiwa na mmea mkononi. Akilikuta jambo darasani anajifunza jina la pili la kitu anachokijua. Mkichelewa, jina la shule linakaa kwanza na lenu linaonekana la ziada.

Kama hamna neno, ulizeni wazee wenu au elezeni kwa sentensi nzima.

Kusoma: dakika 10 hadi 15 kila siku zinashinda saa 2 za Jumamosi. Kitabu kimoja kirudiwe siku 4 au 5. Siku ya kwanza msome ninyi. Ya pili muulize "nini hiki, anafanya nini?" Ya tatu muulize "kwa nini", na "kingetokea nini kama". Siku ya mwisho asimulie yeye, ninyi mfungue kurasa tu. Kukosa vitabu si kisingizio kikubwa: kitabu cha picha cha lugha yoyote kinasimuliwa kwa lugha yoyote, msijaribu tu kutafsiri maandishi mstari kwa mstari, inachosha na inatoka mbovu.

Herufi: tahajia ya lugha ya nyumbani ikiwa inasomeka kama inavyoandikwa, inaweza kutangulia ya shule au kwenda sambamba. Msifundishe herufi zinazogombana siku moja. *J* ya Kihispania na *j* ya Kiswahili ni sauti mbili mbali kabisa. Maliza kuizoesha moja ndani ya maneno, halafu leta nyingine. Daftari mbili za rangi tofauti zinasaidia zaidi ya maelezo marefu.

#9 Kichwa Ngumu

Vipi katuni za lugha ya nyumbani? Si zinaongeza saa?

#10 Ulimi Wazi

Kwa mtoto mchanga, hapana. Patricia Kuhl na wenzake, Seattle, 2003: watoto wa miezi 9 walioishi na Kiingereza waliletewa Kichina cha Mandarini vipindi 12. Waliochezewa na mtu aliyekaa mbele yao walianza kutofautisha sauti za Mandarini. Waliopewa zile zile kwa video au sauti tupu hawakuwa na tofauti na wasiosikia kabisa.

Kwa mtoto wa miaka 4 na kuendelea, katuni inaongeza maneno ikiwa mtu mzima amekaa naye na wanaizungumzia. Isiingizwe kwenye zile saa 22.

Simu ya video na bibi au babu asiyejua lugha ya nje ni kitu kingine, maana huyo anamjibu, na mtoto analazimika kweli. Chini ya miaka 4, dakika 10 zinatosha. Mpeni shughuli: kuonyesha mchoro, kuhesabu vitu, kitendawili. "Msalimie bibi" peke yake hufa ndani ya nusu dakika.

#11 Tabaka la Pili

Hakuna aliyemtaja mtoto wa pili, na huko ndiko lugha inakovujia. Wa kwanza anaanza shule, anarudi na michezo na matusi ya lugha ya nje, anamfundisha mdogo wake. Mdogo anaingia shule akiwa tayari anaipendelea.

Kukemea "ongeeni lugha yetu" mara 20 kwa siku hakufai. Wanashusha sauti tu. Kinachofaa ni kumpa mkubwa kazi inayohitaji lugha ya nyumbani: kumsomea mdogo kitabu anachokijua vizuri, kumweleza sheria za mchezo, kusimamia kuoga. Ianzwe KABLA mkubwa hajaingia shule, miezi 6 hivi, ili lugha ya wao wawili iwe imeshakaa. Na michezo ya kujifanya (duka, hospitali, basi) muianzishe ninyi kwa lugha ya nyumbani, mcheze nao kidogo, mkishaondoka huwa wanaendelea nayo kwa muda.

#12 Kichwa Ngumu

Na kama umeshachelewa? Mtoto ana miaka 6, anaelewa yote, haongei hata kidogo.

#13 Kalamu Nyeusi

Anayeelewa yote yuko mbele sana, mkuu. Usitangaze "kuanzia kesho lugha ni hii", hilo linazaa vita. Fanya hivi:

Wiki 2 za kwanza, chagua shughuli moja ya dakika 15 hadi 20 ya kila siku, kwa mfano safari ya kwenda shule. Mwambie kwa nini. Wewe uongee lugha ya nyumbani tu, yeye ajibu anavyotaka. Usirekebishe lolote.

Wiki ya 3 na ya 4, leta maswali ya kuchagua ya Bi Somo, na michezo ambayo maneno yake ni machache na yanajirudia: karata, kuficha na kutafuta, kukisia mnyama.

Mwezi wa pili, ongeza shughuli ya pili. Hapo ndipo umwombe jibu la neno moja, kisha sentensi.

Panga akutane na watu wasiojua lugha ya nje, hasa watoto wenzake. Wiki 3 au 4 mfululizo za kucheza nao zinafungua mdomo kuliko mwaka wa mazoezi ya jioni. Wazazi mkiwa pale, jifanyeni mna shughuli. Mkikaa karibu mnakuwa wakalimani.

Na usijipe moyo kwamba "alishaijua akiwa mdogo, itabaki". Watu waliozaliwa Korea wakaasiliwa Ufaransa wakiwa na miaka 3 hadi 8, na kuishi Kifaransa tu, walipimwa wakiwa watu wazima (Pallier na wenzake, 2003). Walishindwa kuitambua Kikorea kati ya lugha nyingine. Mtoto hajibakishii akiba ikiwa hasikii kitu.

#14 Mzee wa Hoja

Swali la mwisho kutoka kwangu. Lugha haina vitabu wala tahajia iliyokubaliwa, wanaoijua vizuri ni wazee wawili. Mtu aanzie wapi?

#15 Daftari

Simu yako inatosha, mkuu. Rekodi vipande vya dakika 3 hadi 5, kimoja kwa mada moja: jinsi ya kusuka, safari ya zamani, ugomvi wa majirani. Usimwambie mzee "ongea lugha", muulize swali analopenda kulijibu. Zima feni na redio, weka simu kwenye kitambaa umbali wa mkono mmoja. Faili lipe jina lenye tarehe, msemaji na mada, na nakala mbili mahali tofauti.

Tahajia, chagua moja, hata ya kuazima kutoka lugha jirani, iandike kwenye ukurasa mmoja (sauti hii naiandika hivi) na usiibadilishe katikati. Kisha kila rekodi itolewe sentensi 6 hadi 8, uziandike kwa herufi kubwa, moja kwa ukurasa, mtoto achore picha juu. Anasikia sauti ya mzee huku anafuata kwa kidole.

Kama lugha ina toni (kupanda na kushuka kwa sauti) zinazobadili maana, ziwekee alama tangu kitabu cha kwanza. Kuzirudisha baadaye kwa mtoto aliyezoea kusoma bila alama ni kazi mara mbili.